Kisima cha Bwana Rudia

Kazi yangu ilikuwa kuandika ni mkono upi umeshika ndoo. Ukitazama sinema unamwona mtu akichota maji na kujitwisha, unadhani amefanya mara moja. Kumbe amefanya asubuhi, amefanya tena baada ya chai, amefanya tena jua limeshahama, na vipande vyote vimeungwa pamoja. Basi lazima awepo mtu wa kukumbuka kwamba asubuhi ndoo ilikuwa mkono wa kulia, na fundo la shuka lilikuwa upande wa kushoto. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilipewa daftari jeusi, penseli mbili, na kiti cha kukunja ambacho sikukikalia, kwa kuwa niliona haya kukaa wakati watu wazima wamesimama.

Kazi yangu ya pili ilikuwa ukalimani. Huo ulikuwa mwezi wa Novemba, mwaka 1952. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu na nilisubiri barua ya kupangiwa shule. Nilikaa Kinondoni kwa baba yangu mdogo, Gozbert, aliyekuwa karani, na ndiye aliyesikia kwamba kampuni ya picha kutoka ng'ambo inatafuta msichana mwenye Kiingereza kizuri na mwandiko unaosomeka.

Mkubwa wa picha alikuwa Mzungu mrefu, shingo imebabuka kwa jua. Kiswahili chake chote kilikuwa neno moja: "Rudia!" Akiona mtu amekosea, rudia. Akiona mtu amepatia, rudia vilevile. Watu wa Temeke wakamwita Bwana Rudia, naye aliposikia akafurahi, akidhani amepewa cheo.

Picha yenyewe ilikuwa ya kufundisha watu habari za maji safi. Mjinga mmoja anachimba kisima ovyo karibu na choo, anatumbukia humo, na jirani yake anasimama ukingoni akimcheka kabla ya kumvuta kwa kamba. Kisha anakuja bwana afya na kuwaonyesha kisima chenye mfuniko. Aliyecheza mjinga aliitwa Pazi, Mzaramo wa Temeke, mtu wa miaka arobaini hivi. Kazi yake halisi ilikuwa kuchimba visima, na nusu ya watu wa mtaa ule walikunywa maji ya mikono yake. Aliyecheza jirani aliitwa Mlekwa, Mnyamwezi, kuli wa bandarini, mwenye kicheko kinachosikika kabla hujamwona mwenyewe.

Hakuna aliyewafundisha wawili hao kuchekana. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hana mipaka.

"We Mzaramo," Mlekwa alisema siku ya kwanza, akichungulia shimo, "hiki kisima au kaburi lako?"

"Lako, Mnyamwezi. Nimelipima kwa urefu wa miguu yako, ndiyo maana limenichukua siku nne."

"Siku nne! Babu zangu walitoka Tabora mpaka hapa na pembe za ndovu kichwani, wakawakuta babu zako wamelala mlangoni. Mpaka leo hamjaamka."

"Tungeamkaje, na nyie mnanuka jasho la miezi mitatu? Tulizimia."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi natoka Bukoba, na utani huo haunihusu, lakini nilikuwa nimeambiwa nitafsiri kila neno, nikatafsiri. Bwana Rudia alishtuka, akadhani ni ugomvi, akasimamisha kazi. Ilinichukua muda kumweleza, jua likaingia mawinguni, na kipande cha mchana ule kikaharibika. Aliniambia mbele ya wote, kwa sauti ya chini iliyouma kuliko kelele, kwamba nisimletee kila neno la watu hawa. Nimletee tu linalohusu picha.

Nilitamani ardhi inifunike. Usiku ule niliyarudia maneno yake kitandani kama mtoto anayekariri sala.

Sasa niseme habari za mchanga. Ardhi ya Temeke ni mchanga mtupu, na wachimbaji wa huko hawachimbi shimo wakaliacha uchi. Wakifika kimo cha mtu huzungushia kuta boriti za mikoko, kisha husuka fito katikati yake, mpaka shimo linakuwa kama limevishwa tenga. Pazi alifanya hivyo hata kwa kisima cha uongo. Bwana Rudia alipoliona tenga hakulipenda. Mjinga hawezi kuchimba vizuri hivyo, alisema, watazamaji hawataamini. Akaamuru boriti zitolewe.

Niliyatafsiri hayo. Pazi alijikuna kidevu.

"Huyu anataka kisima chake kife," alisema. Kisha akacheka. "Haya. Picha ni yake, shimo ni langu." Akazitoa boriti mwenyewe, moja moja, akazipanga chini ya mkorosho kwa unadhifu kama mtu anayetandika kitanda.

Usiku ikanyesha mvua ya vuli.

Asubuhi Pazi alishuka mara mbili, kamba kiunoni, akapiga kelele za mjinga, na Mlekwa akamcheka na kulegeza kamba kidogo kumtisha, kama alivyoelekezwa na Bwana Rudia, kabla ya kumvuta. Mara zote mbili Bwana Rudia hakuridhika. Pazi alipopanda mara ya pili hakuwa anacheka. Aliinamisha kichwa, akajipiga sikio, mchanga ukadondoka.

"Dada Jovina," aliniita. Aliniita dada, ingawa ningeweza kuwa binti yake, kwa heshima ya elimu yangu. "Mwambie bwana mchanga unalia humo. Ukisikia mchanga unalia, unatoka. Turudishe boriti kwanza, tupige picha kesho. Nusu siku tu."

Nilimwendea Bwana Rudia. Alikuwa akitazama mbingu kupitia kioo cheusi, maana wingu lilikuwa linakuja kutoka baharini na jua lilikuwa limebakiza dakika chache. Nilisimama nyuma yake. Nikasema, "Samahani, bwana." Bila kugeuka akainua kidole kimoja. Nikangoja. Kidole hakikushuka. Kisha akauliza kama ni jambo linalohusu picha.

Leo najua jibu la swali lile. Siku ile nilisimama na daftari kifuani nikawaza: linahusu shimo, halihusu picha, nikikosea tena atanifukuza mbele ya watu hawa wote. Naye hakusubiri. Alimpigia kelele Taiyeb, mpiga picha wake, aanzishe mashine.

Nikarudi. Pazi alikuwa amekwisha kaa ukingoni, miguu ikining'inia shimoni. Aligeuza uso.

"Umemwambia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Sikusema uongo kwa kinywa. Nilikwisha jiambia nitamweleza bwana rudio hili likiisha, kwamba dakika chache si kitu. Pazi aliniangalia kidogo zaidi, akaona mtu aliyesoma amefikisha neno lake, na mwenye picha amesikia akaona hapana hatari. Akashuka.

Akapiga kelele za mjinga. "Nivuteni! Jamani nivuteni!"

"Kufa humo humo, Mzaramo!" Mlekwa akamwitikia, akilegeza kamba. "Tutakula pilau ya matanga yako leo leo!"

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Mchanga ulishuka bila kishindo, kama unga unaomiminwa katika gunia. Kamba ikakaza ghafla mikononi mwa Mlekwa, naye akaendelea kucheka, akidhani Pazi anaivuta kwa utani. Alicheka kwa pumzi mbili, tatu. Kisha nikaona kicheko kimebaki usoni kwake bila sauti.

Walichimba kwa majembe, kwa masufuria, kwa mikono. Kila walipotoa kikapu kimoja viwili viliingia. Mlekwa hakuiachia kamba hata mara moja. Ilibidi wamnyang'anye wapate nafasi ya kuchimba. Walimfikia Pazi alasiri.

Jioni ile mahema yalikunjwa. Mke wa Pazi, Mwamvita, alikuja akiwa na unga mikononi. Bwana Rudia alivua kofia, akasimama mbele yake kidogo, kisha akaingia ndani ya gari. Sikuwahi kumwona tena.

Pazi alizikwa kesho yake. Kwa desturi yao, mtani ndiye anayefika msibani kwa fujo. Atamsema marehemu kwa uvivu wake, atalala njiani jeneza lisipite mpaka apewe kitu, atawachekesha wafiwa wasizidiwe. Lakini Mlekwa hakuwapo. Polisi walikuwa wamemchukua usiku, kwa sababu Bwana Rudia aliandika katika maelezo yake kwamba mshika kamba aliilegeza kwa makusudi huku akicheka, na watu arobaini walimsikia akisema kufa.

"Mie najua utani," koplo aliyeandika maelezo yangu alinong'ona. "Mama yangu Mzaramo. Lakini karatasi hii, dada, haina mahali pa utani."

Aliniuliza niliona nini. Nilisema niliona mchanga ukishuka. Hakuuliza zaidi, nami sikuongeza.

Mazishi yalikuwa kimya. Nilikaa na wanawake, nikamsikia Mwamvita akimwuliza jirani yake, si kwa kilio, kwa mshangao tu: "Sasa nani atamtania mume wangu?"

Hakimu wa kuchunguza kifo aliahirisha shauri mpaka filamu isafishwe huko ng'ambo na kurudi. Wiki saba. Mlekwa alikaa mahabusu wiki hizo zote. Watu wa bandarini walisema huenda akashtakiwa kwa kuua.

Barua yangu ilifika katikati ya Desemba. Nilipangiwa shule ya wasichana, nianze Januari. Baba Gozbert alichinja kuku. Tulipokwisha kula nilimweleza yote, nikitazama kitambaa cha meza.

Aliikusanya mifupa kwenye sahani.

"Nani mwingine anajua?"

"Marehemu."

"Basi hakuna anayejua." Alifuta vidole. "Sikiliza, mwanangu. Mie si mtu mbaya. Ukisimama kule ukasema, Mzungu hawatamfanya kitu, yuko kwao. Watatafuta mtu wa kumtundikia kosa, na wewe utakuwa umejileta na msumari. Mwalimu aliyeua mtu kwa kunyamaza, nani atampa watoto?"

"Na Mlekwa, baba?"

"Mlekwa ataeleza. Wazee wa Temeke wataeleza. Mungu yupo."

Nilitaka sana kumwamini. Nilifua magauni yangu ya kufundishia, nikayapiga pasi, nikayakunja, na wiki iliyofuata nikayafua tena yakiwa safi.

Januari, siku mbili kabla ya shauri, Taiyeb alikuja Kinondoni kwa baiskeli. Alikuwa kijana wa Kibohora, jamaa zake wana duka la kupigia picha mjini, na ndiye aliyekuwa nyuma ya mashine siku ile. Hakukubali kuingia ndani. Alisimama uani akizungusha kengele ya baiskeli kwa kidole.

"Filamu imerudi, Miss Jovina. Nimeiona. Mbaya sana."

"Anaonekana Pazi?"

"Kuingia anaonekana. Baadaye Mlekwa peke yake, kamba inalegea, yeye anacheka, anacheka. Na sauti hakuna, unakumbuka? Sauti tungetia baadaye. Sasa mtu ataona nini? Ataona shetani." Aliiacha kengele. "Kitu kingine. Mimi nilifungua mashine mapema kidogo, kwa ajili ya jua. Pembeni wewe unaonekana. Kichwa chako tu."

Akanitazama, nami nikajua ameona. Aliaga, "Khuda hafiz, sista," akapanda baiskeli yake.

Chumba cha shauri kilikuwa bomani. Walitundika mablanketi meusi madirishani na shuka nyeupe ukutani. Mwamvita alikaa mbele, amejifunika kaniki. Mlekwa aliletwa na pingu. Alikuwa amekonda hata mashavu yake hayakuwa na mahali pa kuweka kicheko.

Wazee watatu wa Temeke waliitwa kueleza utani. Walieleza vizuri. Hakimu, mtu mpole mwenye mafua, aliuliza kupitia mkalimani wake: je, hata mtu akiwa anakufa mtani humcheka?

"Hasa akifa," alijibu mzee wa kwanza kwa fahari, na wenzake wakaitikia.

Hakimu aliandika hilo. Nilitazama kalamu yake ikienda, nikajua wazee wamemzika Mlekwa kwa kusema kweli.

Mlekwa alipoulizwa alisema neno moja. "Nilicheka."

"Kwa nini ulilegeza kamba?"

"Nilicheka, bwana. Ni kweli nilicheka."

Kisha taa zikazimwa. Mashine ikaanza kukereza, na Pazi akaja ukutani. Alikuwa mzima. Alijikuna kidevu vile vile, mkono wa kulia, fundo la shuka kushoto. Mwamvita alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyeguswa na maji baridi. Pazi akakaa ukingoni. Akageuza uso pembeni, midomo yake ikacheza. Na pembeni kabisa, pale picha inapoishia, kilionekana kichwa cha mwanamke na daftari kifuani. Kichwa kikainama, kikainuka.

Hakuna aliyekiona. Macho ya wote yalikuwa kwa Pazi, kisha kwa Mlekwa mkubwa ukutani, amefumbua kinywa, kamba inalegea, anacheka na kucheka bila sauti juu ya shimo lisiloonekana ndani. Nyuma yangu mtu alisema, "Laana." Taa zikawashwa. Hakimu alifuta pua, akafungua jalada.

Nilikuwa sijawahi kusema mbele ya watu bila kuitwa. Chuoni nilikuwa nikijua jibu, nalificha mpaka mwingine alitaje. Miguu ilisimama kabla yangu.

"Naomba irudiwe," nilisema.

Hakimu aliniangalia. Nilisema tena, kwa Kiingereza, kisha tena kwa Kiswahili ili Mwamvita asikie. Wakarudia. Safari hii nilikwenda mpaka kwenye shuka, na kivuli changu kikaangukia picha. Nikamwonyesha hakimu kile kichwa kwa kidole.

"Huyu ni mimi. Hapa marehemu ananiuliza kama nimemfikishia bwana habari kwamba mchanga unalia na boriti zirudishwe. Sikuifikisha. Niliogopa. Hapa naitikia kwamba nimeifikisha. Kwa ajili hiyo alishuka. Mlekwa alilegeza kamba kama alivyofundishwa, na maneno yale ni ya utani wao wa kila siku. Boriti zilitolewa kwa amri ya mwenye picha, na amri hiyo niliitafsiri mimi, neno kwa neno."

Mashine iliendelea kukereza. Ukutani Mlekwa alikuwa anacheka begani kwangu.

Uamuzi ulisomwa mchana ule. Hakimu alisema ni ajali. Mshika kamba hana kosa, aachiwe. Kosa ni la mkalimani, aliyeacha kufikisha onyo kwa mkubwa wake. Habari za boriti hazikusomwa. Nilizisubiri mpaka mwisho, hazikutajwa.

Nje, Mwamvita alisimama mbele yangu. Nilipiga goti nimwamkie.

"Mume wangu alikuwa na masikio," alisema. "Alisikia mchanga. Angejua hukumwambia, angekataa, hata kwa Mzungu. Alikuamini kwa kuwa umesoma."

Hakunitukana. Alipandisha kaniki yake begani, akaenda zake. Wiki ile ile barua ya pili ilikuja kutoka kwa wakubwa wa shule: nafasi yangu amepewa mwingine. Baba Gozbert aliisoma mara mbili, akaiweka chini ya redio.

Jumapili nilikwenda Temeke kwa miguu. Sikujua nakwenda kufanya nini; niliogopa tu kutokwenda. Makaburini nilisikia sauti kabla sijamwona mtu.

"We Mzaramo! Arobaini imepita mie sipo, ukafurahi, eh? Ukala ubwabwa peke yako!"

Mlekwa alikuwa amelala chali juu ya njia kando ya kaburi, kama desturi yao inavyotaka, mikono kifuani. Mwamvita alikaa pembeni na watu wachache wa nyumbani kwake, na kuku amefungwa miguu, zawadi ya mtani, mbele yake.

"Mvivu wewe! Mtu gani anachimba kisima siku nne, halafu analala humo humo? Babu zangu walibeba pembe. Babu zako..." Akajaribu tena. "Babu zako walikuwa wamelala mlangoni."

Alisubiri. Hapo ndipo Pazi alipokuwa akijibu. Upepo ulitikisa majani ya mkorosho. Mwamvita alicheka kidogo, kicheko cha kweli, kisha kikamgeuka kooni na akajiziba uso kwa kaniki.

Mlekwa aliinuka, akajifuta mchanga. Akaniona nimesimama kwenye nyasi. Nilidhani atanifukuza. Nikajaribu kutabasamu, kwa kuwa wote walikuwa wakicheka na kulia pamoja, na sikujua uso wangu niuweke vipi.

"Usicheke," aliniambia, taratibu kabisa. "Sie watani tumeruhusiwa. Wewe wa Bukoba huna utani na mtu huyu." Akamchukua yule kuku, akampakata kwapani. "Wewe lia."